Membreni ya kuchuja maji ya jibini inaziba kila siku, tununue pampu kubwa zaidi?

SWALI: "Habari za kazi mtaalamu. Mimi na mume wangu tuna ng'ombe wachache na tunaongezea maziwa ya majirani, tunatengeneza jibini hapa Veyula, Dodoma. Kila siku tunabaki na kama lita 120 za maji ya jibini tulikuwa tunamwaga. Tukasikia yana protini ile ile ya unga wa watu wa gym, tukajichanga tukanunua membreni ya mirija, imeandikwa PES (aina ya plastiki) kilodaltoni 10, na pampu yake. Mwanzoni ilikuwa inatoa karibu lita 50 kwa saa, sasa hivi ikifika nusu saa inatoa lita 10 tu. Geji ya kuingilia ilikuwa bar 1.5 na ya kutokea 0.6, fundi akasema presha ndogo, tukabana valvu ya kurudishia mpaka zikawa 3 na 2.7, ikatoa vizuri dakika kumi afu ikawa mbaya kuliko mwanzo. Tunaosha na maji ya kisima ya moto na sabuni ya unga. Tena maji yanayopita yana rangi ya njano kijani na ni matamu, naogopa protini ndo inatoroka. Maziwa tunayachemsha kwanza mpaka yapande kwa usalama, na kwa kuwa jibini lilikuwa linaganda laini tulishauriwa kuongeza kalsiamu kloraidi. Tununue pampu kubwa au membreni nyingine? Na je tunaweza kutoa laktoferini, ile protini adimu ya maziwa, bei yake mtandaoni ni kubwa mno. Asante."

JIBU: Dada yangu, habari za Veyula. Nakushukuru kwa kuandika swali pamoja na namba zake, hasa hizo za geji mbili, maana wengi wananiandikia tu "mashine imeziba nisaidie" afu inabidi niulize maswali kibao kabla sijajibu chochote. Kwako wewe jibu liko humo humo kwenye ulichoandika, ndo maana nalijibu kwa urefu.

La haraka kwanza: pampu kubwa msinunue, na membreni mpya msinunue bado. Naona hofu yenu ni mbili, kwamba hela imezama na kwamba protini inakimbilia mtaroni. Hiyo ya pili tuitoe mapema.

Rangi ya njano kijani sio protini, ni riboflavini, yaani vitamini B2, ndo inayoyapa maji ya jibini rangi ile na ni kitu kidogo sana, kinapita bila shida. Utamu nao ni laktozi, sukari ya maziwa. Molekyuli ya laktozi ina uzito wa daltoni 342 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekyuli, kilodaltoni ni elfu moja) na membreni yenu ni ya daltoni 10,000, kwahiyo kuizuia haiwezi na wala hatutaki iizuie, kazi yake ni kupitisha sukari na chumvi na kubakiza protini. Protini kubwa kwa wingi mle ndani ni beta-laktoglobulini, moja ina kama kilodaltoni 18 na kwenye maziwa kwa kawaida zinatembea mbili mbili so ni kama 36, anayefuata ni alfa-laktalbumini wa kilodaltoni 14, halafu kuna wakubwa kama imunoglobulini wa 150. Hao wote ni wakubwa kuliko 10. Ila ujue hiyo 10 sio ukuta mkali, kiwanda kikiandika hivo kinamaanisha protini ya uzito ule inazuiliwa kama asilimia 90, kwahiyo hao wadogo wa 14 wachache wataponyoka na hiyo ni kawaida, usiumize kichwa.

Ukitaka uhakika, chukua kikombe cha yale maji yaliyopita, tia kwenye kisufuria, weka matone ya siki, chemsha. Yakibaki ang'avu uko salama. Yakitoa mabonge meupe kama ute wa yai ujue kuna mrija umepasuka au mpira wa kuzibia umeachia. Fanya hili jaribio kabla ya mengine yote, kwasababu bar 3 kwa mirija ya aina hiyo mara nyingi ni mpakani kabisa au imeshapita kiwango, angalia karatasi iliyokuja nayo imeandika mwisho bar ngapi.

Sasa tatizo lenyewe. Fundi wenu aliwaza kama fundi wa maji, na kwa maji safi yuko sahihi kabisa, ukiongeza presha yanapita mengi zaidi. Kwenye kitu chenye protini haiendi hivo. Kila tone la maji linalopita linaiacha protini yake pale pale kwenye uso wa membreni, na hiyo protini ina njia mbili tu za kuondoka, ama irudi nyuma yenyewe taratibu sana, ama isombwe na maji yanayokimbia sambamba na uso ule. Isipoondoka inarundikana, baada ya dakika chache protini pale usoni inakuwa nyingi mara nyingi zaidi ya ile iliyoko kwenye tanki, inageuka jeli, na hiyo jeli sasa ndo inakuwa chujio, baya kuliko lile mlilonunua. Ni sawa na abiria wanaogombea mlango wa daladala, ukizidi kuwasukuma kwa nyuma wanazidi kubanana mlangoni na hapiti mtu. Ukifika hapo kuongeza presha hakuongezi maji, kunanenepesha na kukandamiza jeli tu, ndo maana mlipata dakika kumi za furaha afu ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Tuziangalie geji zenu. Mwanzoni 1.5 kutoa 0.6, tofauti ni 0.9. Hiyo tofauti ndo inayokwambia maji yanakimbia kwa kasi gani ndani ya mirija, na kwa mirija myembamba kama hiyo vinakwenda pamoja, tofauti ikishuka mara tatu na mtiririko umeshuka kama mara tatu. Mlipobana valvu ikawa 3 kutoa 2.7, tofauti 0.3. Halafu presha inayosukuma maji kuvuka ukuta unaipata kwa kujumlisha geji mbili na kugawa kwa mbili, kama upande wa maji yaliyopita uko wazi. Mwanzo ilikuwa 1.05, mlipobana ikawa 2.85. Yaani kwa kuzungusha valvu moja mliongeza kinachorundika karibu mara tatu na hapo hapo mkapunguza kinachosomba mara tatu. Hakuna membreni ya kilodaltoni 10 itakayovumilia hiyo kwenye maji ya jibini, hata ya kiwanda kikubwa cha Denmark.

Kwahiyo valvu ya kurudishia ifungueni. Afu wekeni valvu ndogo upande wa maji yanayopita, huo ndo upande wa kucheza nao. Mkiwasha, ule upande muufunge kabisa, acheni maji yazunguke kwa kasi dakika tano, halafu fungua kidogo, subiri dakika kumi, kinga kwenye jagi kwa dakika moja ukitumia saa ya simu, andika. Fungua tena kidogo, subiri, kinga, andika. Mwanzoni kila ukifungua maji yanaongezeka, itafika mahali ukifungua hayaongezeki au yanaongezeka afu yanashuka ndani ya zile dakika kumi, basi rudi nyuma hatua moja, hapo ndo penu pa kufanyia kazi kila siku. Pataonekana padogo, mtashawishika kufungua zaidi, msifungue. Anayekwenda taratibu kwa saa nne anamaliza lita nyingi kuliko anayekimbia nusu saa. Na ikitokea siku mnabadilisha pampu, muulize muuzaji inatoa lita ngapi kwa dakika, usiulize bar. Bomba la kurudishia nalo lizamisheni ndani ya maji kwenye tanki, lisimwagie kwa juu, povu linaharibu protini na hiyo iliyoharibika ndo ya kwanza kuganda kwenye membreni.

Hayo ni ya valvu. Ila kwa maelezo yako mimi naona mzizi uko jikoni, kwenye sufuria ya kuchemshia maziwa, na hapa naomba unisome polepole.

Mnachemsha maziwa mpaka yapande. Beta-laktoglobulini ikipita nyuzijoto 70 inaanza kufumuka, ikifika 90 karibu yote imefumuka, na ikifumuka kwenye maziwa inajishika na kaseini, ile protini inayofanya jibini. Yanatokea mambo mawili. La kwanza, kaseini iliyovikwa hivo haishikani vizuri ukitia reneti, ile dawa ya kugandishia jibini, bonge linakuwa laini, linavunjika, linaachia vumbi jingi la jibini kwenye maji. La pili, protini mnayoitafuta kwenye maji ya jibini nyingi haiko tena kwenye maji, imeshabaki kwenye jibini! Mnachuja maji ya sukari kutafuta kitu ambacho mmeshakiuza. Halafu kwasababu bonge ni laini mkashauriwa kuongeza kalsiamu kloraidi. Ushauri wa kawaida tu huo kwa watengeneza jibini, ila kalsiamu ile sehemu yake inaishia kwenye maji ya jibini, ikikutana na fosfeti iliyomo na joto inatengeneza kalsiamu fosfeti, ambayo tofauti na chumvi nyingi, ukiipasha moto ndo inaganda zaidi. Inaganda wapi, ndani ya membreni. Vumbi, kalsiamu, mafuta, vyote vimetoka kwenye lile sufuria, na membreni inalaumiwa bure.

Dawa yake sio kuacha kupasha maziwa, tafadhali sana. Huku kwetu kanda ya kati maziwa mabichi yanaweza kuwa na bruselosi na hata kifua kikuu cha ng'ombe, hilo halina mjadala. Pasheni mpaka nyuzijoto 63 na mkae hapo hapo dakika 30 kamili, mkikoroga, kipimajoto kiwe ndani ya maziwa, afu mpoze haraka. Hiyo inaua vijidudu vya magonjwa vinavyotusumbua na protini ya kwenye maji inabaki karibu yote. Bonge litakuwa gumu zaidi lenyewe, kalsiamu kloraidi mtaipunguza sana au mtaiacha.

Na kuna dhana nimekutana nayo sana, kwamba membreni inachuja bakteria kwahiyo haina haja ya kupasha. Ni kweli bakteria hawapiti, lakini wanabaki upande gani? Upande wa protini, ule mnaotaka kuula. Ukipunguza lita 120 kuwa lita 12, bakteria nao umewakusanya mara kumi, ukiwaachia joto la Dodoma saa mbili tatu wameshazaana.

Baada ya jibini kutoka, maji yapite kwanza kwenye kitambaa kizito kutoa vumbi, kisha kwenye separeta ya krimu. Separeta msiione kama anasa, mafuta hayapiti membreni hata kidogo kwahiyo yote yatabaki na protini, yataziba na yatashusha ubora, na ile krimu unayoitoa inatengeneza samli, kwahiyo inaanza kujilipa yenyewe. Halafu pasha yale maji mpaka nyuzijoto 55, yaache nusu saa mpaka saa nzima yakiwa na joto hilo hilo, kalsiamu fosfeti igande sasa kwenye tanki mahali ambapo haina madhara, itulie chini, uchukue maji ya juu tu. Hapo ndo uanze kuchuja, ukiwa karibu na 50, hakikisha tu karatasi ya membreni inaruhusu. Kwa 50 maji ni mepesi karibu mara mbili kuliko kwa 20, yanapita vizuri zaidi. Njia nyingine ni kuchuja ya baridi chini ya nyuzijoto 10, kalsiamu haisumbui kivile ila inatoka polepole na umeme wa kupoza mnaujua wenyewe. Msichofanya ni kuchuja kwa joto la katikati, la uvuguvugu, 25 mpaka 40, hapo mnafuga bakteria.

Kuosha. Sabuni ya unga iacheni leo. Ina manukato, viongezi na vitu vinavyong'ang'ania kwenye PES havitoki. Na maji ya kisima ya huku Dodoma, kwa ugumu wake, uangalie ule ukoko mweupe ndani ya birika lako, ule ule ndo mnaupaka ndani ya mirija kila mnapoosha kwa maji ya moto. Ukiweka kostik soda ndani ya maji hayo ndo kabisa, kalsiamu kaboneti inaganda papo hapo. Tafuteni maji laini kwa ajili ya membreni tu, ya mvua yaliyokingwa safi na kuchujwa msimu ukiwepo, ama mnunue kwa wale wenye mashine za kutoa chumvi wanaouza maji ya kunywa. Hayahitajiki mengi.

Utaratibu uwe huu: mkimaliza tu, hata kabla ya kula, pitisheni maji laini ya vuguvugu mpaka yatoke ang'avu. Kisha kostik soda kidogo sana, anzia kama nusu gramu kwa lita, joto 45 mpaka 50, pima kwa karatasi ya pH iwe 11 na kitu, msizidi kiwango kilichoandikwa na kiwanda, zungusheni dakika 30 presha ikiwa ndogo. Hiyo inaondoa protini na mafuta. Suuza sana. Kisha asidi ya sitriki, pH 2 mpaka 3, dakika 20 au 30, hiyo inayeyusha kalsiamu. Suuza tena. Baada ya kila hatua pima maji laini yanapita lita ngapi kwa dakika, presha ile ile na joto lile lile, na hapa ndo pazuri kwasababu membreni itakuambia yenyewe inaumwa nini: ikirudi kwa maji matupu ilikuwa jeli tu, tatizo ni uendeshaji wa valvu. Ikirudi baada ya kostik ilikuwa protini na mafuta. Isiporudi mpaka asidi ipite, ni kalsiamu, na kwenu nategemea asidi ndo itafanya kazi kubwa, mtashangaa.

Jiki, ambayo najua utauliza. PES inavumilia klorini kidogo pamoja na kostik kwenye pH ya juu, kama sehemu 150 kwa milioni, kwa Jiki ya kawaida isiyo na manukato ni kama mililita 4 mpaka 5 kwa lita, dakika 20 basi, na sio kila siku. Membreni za kutoa chumvi kwenye maji, zile za poliamaidi, klorini inazimaliza kabisa, kwahiyo usikopeshane utaratibu na jirani mwenye mashine ya maji. Na sikia hili kwa makini, Jiki na asidi, hata siki, visikutane kamwe, sio kwenye ndoo, sio kwenye bomba, vinatoa gesi ya klorini na kwenye chumba kidogo inaweza kuua. Suuzeni katikati mpaka karatasi ya pH ionyeshe 7. Kostik unaitia kwenye maji, sio maji kwenye kostik, vaa glavu na miwani, watoto wasiwepo. Ikimrukia mtu jichoni ni maji mengi yanayotiririka dakika 20 na hospitali moja kwa moja, msisubiri kuona kama inauma.

Sasa mnapata nini mwisho wa siku. Maji ya jibini yaliyotoka kwenye maziwa yasiyochemshwa sana yana kama gramu 6 za protini kwa lita, na laktozi kama gramu 48. Lita 120 zina gramu 720 za protini, hiyo ndo dari yenu kwa siku hata mashine iwe ya dhahabu. Mkipunguza mpaka lita 12, protini ni zile 720 ila laktozi bado gramu 576 zimo, kwahiyo kwenye vitu vikavu protini ni nusu na kidogo. Kuendelea kukamua hapo ni kujitesa. Kinachofanyika ni kuongeza maji laini taratibu kwa kiasi kile kile kinachotoka, yale maji yanasuuza sukari. Ukipitisha lita 12 inabaki laktozi asilimia 37, ukipitisha 24 inabaki kama 14, ukipitisha 36 inabaki 5. Mkiishia 24 na mafuta mliyatoa mwanzoni, mmeshavuka asilimia 80 ya protini kwa hesabu ya karibu. Kila raundi inayofuata inatoa kidogo na kula maji yale yale, so 24 inatosha.

Unga sasa. Hapa nakuambia kama ndugu, msiweke hela zaidi mkiufikiria unga wa gym. Kukausha kwa jua haiwezekani, lita 12 za protini zitachacha kabla hazijakauka, na zikikauka zinakuwa magamba magumu yasiyoyeyuka. Viwanda vinapuliza matone madogo mno kwenye hewa ya moto, maji yanaruka sekunde chache na tone lenyewe halipati joto la kuiharibu protini, mashine hiyo kwa gramu 720 kwa siku haitajilipa.

Ningekuwa mimi ningezirudisha zile lita 12 kwenye mtindi. Kwenye mtindi kuchemsha mpaka 85 au 90 ni kitu kizuri, kile kile kilichowaharibia jibini, protini ile ikijishika na kaseini mtindi unakuwa mzito, hautoi maji juu, na hamhitaji unga wa maziwa wa kuongezea. Au kama mashine inawachosha kabisa, pasheni maji ya jibini peke yake mpaka 85 au 90, tia siki au ndimu, mtaona protini inaelea mabonge laini, kamua kwenye kitambaa, hiyo ni rikota na inauzika mahotelini hapo mjini tangu wageni wa serikali waongezeke. Haihitaji membreni hata moja. Kwa lita 120 kwa siku nadhani rikota na mtindi vinaishinda mashine, mashine inaanza kuwa na maana mkifika lita nyingi zaidi na mkiwa na mnunuzi mkononi.

Maji matamu yaliyobaki msiyamwage mtaroni. Laktozi ile inanyonya oksijeni ya maji kuliko maji taka ya choo kwa mbali sana, na harufu yake majirani watawashtaki. Mwenye nguruwe atayachukua kwa furaha, ng'ombe nao wanakunywa ila waanze kidogo kidogo.

Laktoferini ni hesabu nyingine. Membreni inatenganisha vizuri vitu vilivyoachana kwa ukubwa mara tano, mara kumi. Laktoferini ina kilodaltoni karibu 80, albumini ya damu iliyomo humo humo ina 66, hapo hakuna tundu litakalowajua nani ni nani. Kinachowatofautisha ni chaji: kwenye pH ya maziwa protini nyingi zina chaji hasi ila laktoferini ina chaji chanya, kwahiyo wanapitisha kwenye safu ya rezini yenye chaji hasi, yeye ananasa wenzie wanapita, afu wanamtoa kwa maji ya chumvi. Ni kazi ya maabara na pampu za vipimo. Na iko kidogo, lita 120 zenu zina kama gramu 10 hivi, mara nyingi pungufu, na mkichemsha maziwa nayo imeshaharibika. Bei uliyoiona ni ya iliyosafishwa na kupimwa kwa vyeti. Wekeni pembeni.

Mahali pa kwenda kuonana na mtu uso kwa uso: mkitaka kuandika namba ya protini kwenye pakiti lazima ipimwe maabara, wanapima naitrojeni na kwa maziwa wanazidisha kwa 6.38, ulizeni idara ya sayansi ya chakula SUA Morogoro au hapo karibu UDOM, na kabla ya kuuza chochote kipya piteni TBS na Bodi ya Maziwa. Kwa usafi wa maziwa toka kwa ng'ombe mwenyewe mna TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, pale Mpwapwa. SIDO wanaweza kuwasaidia fundi wa kuchomelea tanki na kuweka valvu sawasawa.

Na membreni mliyonayo: kesho msichuje. Osheni kwa utaratibu nilioueleza, maji, kostik, maji, asidi, maji, rudieni mara mbili kama bado inapanda, na mlinganishe na lita za maji safi ilizokuwa inatoa ikiwa mpya kama mliziandika. Ikikaa bila kufanya kazi, iacheni imelowa kwenye maji laini yenye sodiamu metabaisalfaiti gramu 5 kwa lita, ikikauka imekufa. Siku ya kuchuja rudieni lile jaribio la kisufuria na siki. Maji yakibaki ang'avu, endeleeni nayo. Yakitoa mabonge, mwandikie muuzaji awaonyeshe namna ya kutafuta mrija uliopasuka kwa mapovu ya hewa na kuuziba, mrija mmoja ukizibwa hamtaona tofauti, ikiwa ni mingi hapo ndo muanze kuongelea mpya.